Asiyetaka, au Asiyepata? Maandiko Matakatifu Yanapovutwa Upande wa Siasa



Likizo iliyopita, nikiwa parokiani kwetu, nilihudhuria sala ya jumuiya ndogo ndogo siku ya Jumamosi asubuhi. Baada ya Injili na maombi, mwenyekiti alileta shida ya kijana mmoja wa jumuiya. Alikuwa dereva wa bodaboda. Mwenye pikipiki alikuwa ameichukua pikipiki yake, kodi ya chumba ilikuwa imemshinda, na mtoto wake alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali. Aliomba mfuko wa jumuiya umsaidie kodi ya mwezi mmoja. Wanajumuiya waligawanyika. Wengine walisema huyo ni kijana mwenye nguvu zake, akihangaika kazi ataipata. Kisha, kama ilivyo kawaida panapokuwa na frateri, mwenyekiti akanigeukia: "Frateri, Maandiko yanasemaje?"

Nilijibu bila kufungua Biblia. Nilisema Mtume Paulo alishalimaliza jambo hilo: asiyefanya kazi, asile. Watu wakaitikia, na ombi la kijana likawekwa kando. Tulipokuwa tunainuka, bibi mmoja aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango aliniuliza taratibu, "Frateri, mjukuu wangu, huyo Paulo alisema asiyetaka kazi, au asiyepata?" Nikamjibu kwamba ni yale yale. Jioni nilifungua Biblia, nikaona kwamba si yale yale hata kidogo.

Makala hii imezaliwa na swali la bibi yule. Ninataka tutazame jinsi Maandiko Matakatifu yanavyovutwa ili yakubaliane na msimamo ambao mtu tayari anao kuhusu mali, kazi na misaada kwa maskini. Ni kishawishi cha watu wa siasa za kila upande, na kama nilivyokiri hapo juu, ni kishawishi cha mafrateri pia.

Aya moja, kambi mbili

Tuanze na aya hiyo hiyo, yaani 2 Wathesalonike 3:10, kwa sababu historia yake inafundisha mengi.

Mwaka 1917, katika kitabu chake Dola na Mapinduzi, Lenin aliitaja kanuni ya asiyefanya kazi asile kuwa ni kanuni ya ujamaa. Mwaka 1918 kanuni hiyo iliandikwa katika katiba ya Urusi ya kimapinduzi, na mwaka 1936 ikaingia katika kifungu cha 12 cha katiba ya Umoja wa Kisovyeti. Jina la Paulo halikutajwa, na wala hatungetarajia serikali iliyopiga vita dini imtaje. Lakini mwangwi wake unasikika wazi. Na je, maneno yale yalimlenga nani? Kwanza kabisa yaliwalenga matajiri: mwenye shamba, mwenye kiwanda, mtu aliyeonekana kula jasho la wengine.

Tuje Uingereza. Tarehe 21 Mei 1988, Waziri Mkuu Margaret Thatcher alihutubia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland mjini Edinburgh. Alitumia aya hiyo hiyo ya Paulo kueleza kwamba ni lazima watu wafanye kazi na watumie vipaji vyao kuzalisha mali. Kwa haki, hakusifu uchoyo. Alisema pia kwamba ubaya hauko katika kuzalisha mali bali katika kuipenda fedha kwa ajili ya fedha yenyewe. Hata hivyo, mkazo ulikuwa umehama. Sasa aya ilikuwa inatetea uchumi wa mtu binafsi na soko huria.

Mwaka 2013, katika Kamati ya Kilimo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, wabunge walikuwa wakijadili kupunguza fedha za msaada wa chakula kwa familia maskini. Mbunge mmoja wa California, Juan Vargas, alikumbusha sura ya 25 ya Mathayo, pale Bwana anapojitambulisha na wenye njaa. Mbunge wa Tennessee, Stephen Fincher, alimjibu kwa 2 Wathesalonike 3:10. Hapo aya ilimwangukia maskini.

Ona basi: aya moja, ndani ya miaka mia moja, imemnyoshea kidole tajiri mjini Moscow na maskini mjini Washington. Paulo hakubadilika. Waliobadilika ni wasomaji, na kila mmoja alikuja na jibu lake mfukoni kabla ya kufungua kitabu.

Tumsome Paulo mwenyewe

Sasa tumrudie Mtume. Jambo la kwanza ni neno lile bibi aliloliuliza. Katika Kigiriki, Paulo hasemi juu ya mtu asiyefanya kazi, bali juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Anagusa utashi. Katiba ya Kisovyeti ilililiacha neno hilo, nami pia nililiacha pale jumuiyani. Likiondoka, mgonjwa, mzee, mlemavu, mama mwenye kichanga na kijana aliyezunguka na vyeti vyake mwaka mzima, wote wanatupwa kapu moja na mvivu.

Jambo la pili ni watu walioandikiwa. Katika jumuiya ya Thesalonike walikuwapo watu walioacha kazi zao. Wafafanuzi wengi wanaona kwamba jambo hilo lilihusiana na taharuki juu ya kurudi kwa Bwana, kwa kuwa waraka wenyewe, katika sura ya pili, unawatuliza watu waliodhani siku ya Bwana imekwisha kufika. Watu hao hawakuwa tu bila kazi. Mtume anasema walikuwa wakijishughulisha na mambo ya wengine na kuwaelemea ndugu zao. Na ili waweze kuelemea, ni lazima iwe kwamba jumuiya ile ilikuwa na desturi ya kulisha watu! Aya inayotumiwa kufunga meza ya maskini iliandikwa katika jumuiya ambayo meza yake ilikuwa wazi kiasi kwamba wajanja waliitumia vibaya.

Jambo la tatu ni yanayofuata. Mara nyingi tunasoma aya ya 10 tukaishia hapo. Katika aya ya 13 Mtume anawaambia wasichoke kutenda mema. Katika aya ya 15 anaonya kwamba hata yule mkaidi asihesabiwe kuwa adui, bali aonywe kama ndugu.

Jambo la nne ni maisha ya Paulo. Alikuwa fundi wa mahema (Mdo 18:3), akafanya kazi kwa mikono yake ili asimlemee mtu. Alipowaambia wengine wafanye kazi, alijianzia mwenyewe. Zaidi ya hayo, alitumia nguvu nyingi kukusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu (Gal 2:10, 1 Kor 16:1-4, 2 Kor 8-9, Rum 15:26). Hatuwezi kumchukua mtu aliyezunguka miji akikusanya sadaka ya maskini, tukamfanya mtetezi wa kuwanyima.

Tukumbuke pia kwamba aya hii ina upande wa pili. Kama asiyetaka kazi hastahili kula, basi anayefanya kazi anastahili kula. Lakini wangapi tunawajua wanaofanya kazi kutwa na hawashibi? Dada wa kazi za ndani, kibarua wa shambani, mlinzi wa usiku ambaye mshahara wake wa miezi mitatu haujalipwa? Mtume Yakobo anasema kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa unalia, na kilio chao kimefika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Sijawahi kusikia aya hiyo ikitajwa mara nyingi kama ile ya Paulo. Nadhani tunajua sababu.

Namna tatu za kulipinda Andiko

Kutokana na mfano huu, tunaweza kuona namna tatu ambazo hutumika sana.

Ya kwanza ni kukata. Mtu anachukua sehemu ya sentensi na kuiacha nyingine. Mfano maarufu ni neno la Yesu kwamba maskini tutakuwa nao siku zote. Wengine hulitumia kusema kwamba umaskini hauna dawa, hivyo hakuna haja ya kuhangaika. Lakini katika Marko 14:7 Yesu anaongeza mara moja kwamba tunaweza kuwatendea mema wakati wowote tupendao. Tena, maneno yale yanatoka Kumbukumbu la Torati 15:11, ambapo Mungu anasema maskini hawatakosekana katika nchi, na kwa sababu hiyo anaamuru Waisraeli wamfumbulie mkono ndugu yao. Kisichokoma ni umaskini, na kwa hiyo kisichopaswa kukoma ni ukarimu.

Mfano wa Msamaria mwema nao umekatwa. Katika mahojiano ya televisheni mwaka 1980, Bi. Thatcher alisema kwamba hakuna ambaye angemkumbuka Msamaria kama angekuwa na nia njema tu. Alikuwa na fedha pia. Ni kweli, alikuwa na dinari mbili za kumpa mwenye nyumba ya wageni, yaani ujira wa siku mbili. Lakini je, kuhani na Mlawi hawakuwa na fedha? Luka hasemi kwamba walipita kando kwa kukosa dinari. Kilichomtofautisha Msamaria ni huruma. Alisimama, akafunga majeraha, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, na akaahidi kulipa gharama yoyote itakayozidi. Fedha ilikuja baada ya huruma, ikaitumikia.

Namna ya pili ni kuhamisha, yaani kuuchukua wito wa Injili na kuugeuza kuwa jambo la aina nyingine kabisa. Hapa tusiwaonee watu wa upande mmoja tu. Luka anasimulia kwamba Wakristo wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika, na hapakuwa na mhitaji kati yao (Mdo 2:44-45, 4:32-35). Wapo waliosoma sura hizo kana kwamba ni mpango wa serikali wa kutaifisha mashamba. Lakini katika sura ya 5 Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa mali yake kabla ya kukiuza, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo. Ushirika ule ulitoka moyoni. Anayeyatumia Matendo ya Mitume kuhalalisha kunyang'anya, amelihamisha Andiko. Vilevile, anayemtumia Anania kusema kwamba hadaiwi chochote na maskini, amesahau sura ya 2 na ya 4.

Namna ya tatu ni kulainisha. Neno gumu linapunguzwa makali mpaka lisimchome mtu. Pengine umewahi kusikia mahubiri kwamba tundu la sindano alilolitaja Yesu lilikuwa lango dogo la Yerusalemu, ambalo ngamia aliweza kupita akipigishwa magoti na kushushiwa mizigo. Maelezo hayo ni matamu, ila hakuna ushahidi wa lango hilo katika nyakati za Yesu. Wengine wamesema kwamba neno la asili si ngamia bali kamba nene, kwa kuwa maneno hayo mawili yanakaribiana sana katika Kigiriki. Lakini nakala za kale zilizo bora zina ngamia. Na wanafunzi waliomsikia Yesu hawakutafuta lango. Walishangaa, wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Mshangao wao ndio ushahidi kwamba neno lilikuwa gumu. Jibu la Bwana halikulilainisha. Lilielekeza kwa Mungu, ambaye kwake yote yanawezekana (Mk 10:25-27).

Mwaka 2009 nchini Marekani kulainisha huko kulipewa mpango rasmi. Andrew Schlafly, mwanzilishi wa kamusi elezo ya mtandaoni iitwayo Conservapedia, alianzisha mradi wa kutafsiri upya Biblia ili kuondoa alichokiita upendeleo wa kiliberali. Mojawapo ya miongozo ya mradi huo ilitaka mifano ya Yesu inayogusa uchumi ielezwe kwa maana ya soko huria. Miongozo hiyo ilipinga hata simulizi la mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi. Wakristo wengi wahafidhina nao waliukosoa. Mradi huo una faida moja kwetu: unasema kwa sauti kile ambacho wengi wetu hufanya kimyakimya. Msomaji hasahihishwi tena na Neno. Yeye ndiye anayelisahihisha.

Kanisa linatufundisha kusoma namna gani?

Walimu wetu hutofautisha mambo mawili: kutoa maana iliyomo ndani ya Andiko, na kuingiza ndani yake maana tuliyokuja nayo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum namba 12 (1965), unatutaka tutafute kile ambacho mwandishi mtakatifu alikusudia kusema katika mazingira yake, na tusome kila sehemu tukizingatia umoja wa Maandiko yote, Mapokeo hai ya Kanisa zima, na ulinganifu wa imani. Katekisimu inarudia vigezo hivyo vitatu katika namba 112 hadi 114. Kwa lugha rahisi: usisome aya peke yake, usisome ukiwa peke yako, na usisome kinyume cha imani nzima.

Ukisoma hivyo juu ya mali, unakuta fundisho ambalo halikai vizuri katika mfuko wa chama chochote. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba ni halali mtu kumiliki mali, kwa sababu kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake, lakini katika kuitumia anapaswa kuwa tayari kuwashirikisha wahitaji (Summa Theologiae II-II, 66, 2). Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum (1891), alipinga wazo la wasoshalisti la kufuta umiliki binafsi. Katika waraka huo huo alifundisha kwamba mshahara lazima utoshe kumtunza mfanyakazi, na kwamba mfanyakazi anayekubali ujira mdogo kwa sababu ya shida ametendewa dhuluma, hata kama amekubali. Gaudium et Spes namba 69 inakumbusha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Mtu wa kulia atafurahia nusu ya fundisho hili na kununia nusu nyingine. Mtu wa kushoto vivyo hivyo, kwa nusu tofauti.

Mpe jembe

Sisi Watanzania tuna mfano wa karibu. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alikuwa Mkatoliki wa sala na Misa, na alikuwa mjamaa. Ingekuwa rahisi kwake kusema kwamba ujamaa ndio Injili. Hakufanya hivyo. Katika kijitabu chake cha 1962 aliujenga ujamaa juu ya familia ya Kiafrika, na mwaka 1968, katika utangulizi wa Uhuru na Ujamaa, alieleza wazi kwamba ujamaa ni jambo la kidunia na haumdai mtu dini fulani. Mwaka huo huo aliandika kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji vya ujamaa. Tunajua pia kwamba kati ya 1973 na 1976 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu. Historia hiyo inatuonya kwamba hata wazo la kushirikiana likishatenganishwa na hiari, linaweza kumwumiza yule yule lililokusudia kumsaidia.

Katika kijitabu kile cha 1962 Mwalimu alitumia methali tunayoijua wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunapoitumia, kwa kawaida tunamtazama mgeni: aache uvivu, akalime. Lakini sikiliza kitenzi. Methali haisemi siku ya tatu mfukuze, wala haisemi mnyime ugali. Inasema mpe. Anayeamriwa ni mwenyeji. Yeye ndiye anayepaswa kuwa na jembe la pili, na sehemu ya shamba, na nafasi ya mtu mwingine kando yake kwenye tuta. Wazee wetu walijua kwamba huwezi kumdai mtu kazi kama hujamwezesha kuifanya. Hapo wanakutana na Paulo, fundi mahema, aliyeonya wavivu kwa mkono mmoja na kukusanya mchango kwa mkono mwingine.

Tujipime

Mpendwa msomaji, sisemi kwamba Injili haina la kusema katika siasa. Inalo. Mkristo anapopiga kura, anapolipa kodi, anapoajiri, anapopanga bajeti ya parokia, anapaswa kwenda na Injili yake. Ila atangulize Injili. Nimejiwekea maswali matatu, nami nakushirikisha.

Kwanza, nimeisoma sura nzima, au nimechukua silaha na kuondoka? Pili, aya hii inamdai nani? Kama kila aya ninayoipenda inamdai jirani yangu na hakuna hata moja inayonidai mimi, basi ninasoma vibaya. Tatu, je, ningeweza kuisoma kwa sauti mbele ya yule inayemhusu, nikimtazama usoni?

Swali la tatu ndilo lililonishinda. Kijana yule hakuwapo siku tuliyojadili habari zake. Jumamosi iliyofuata niliomba nafasi, nikafungua Biblia, nikasoma kuanzia aya ya 6 hadi ya 15, nikasema kwamba wiki iliyopita nilikosea. Wanajumuiya walichanga siku hiyo hiyo. Tulipokwenda kwake mchana, mlango ulikuwa na kufuli jingine. Jirani alituambia kwamba alikuwa amehama tangu Jumatano, amerudi kijijini na mkewe na mtoto. Mwenyekiti alimtafuta kwa simu, na mchango ulitumwa huko. Alishukuru. Lakini chumba kilikuwa kimekwenda.

Bibi yule hakunilaumu. Alinishika mkono tu akasema, "Soma, mjukuu wangu. Soma polepole."